Kuchemsha Maji Si Jibu la Dampo

Juma lililopita nilihudhuria mkutano wa hadhara katika mtaa mmoja ulio bondeni, chini ya dampo la taka. Bibi mmoja alisimama na chupa ya maji aliyoyachota kisimani kwake alfajiri ile. Maji yalikuwa ya manjano na yalinuka. Hakudai fidia wala hakumtukana mtu. Aliuliza swali moja tu: "Mheshimiwa, mjukuu wangu anywe maji haya au asinywe?"

Ofisa aliyetumwa na halmashauri alijibu kwamba wananchi wachemshe maji, na kwamba suala lao linashughulikiwa. Kisha akaaga, akapanda gari. Chupa ilibaki mezani.

Ndugu wasikilizaji, jibu lile ndilo lililonileta kwenu leo.

Kuchemsha maji ni ushauri mzuri dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa kuwa moto huua vijidudu. Lakini dampo halina vijidudu peke yake. Mvua inaponyesha, maji hupenya katika taka na kubeba yaliyomo: betri zilizotupwa, rangi, dawa za kuulia wadudu, mabaki yaliyooza. Kama chini hakuna tabaka la kuyazuia, majimaji hayo meusi hushuka ardhini na yanaweza kufika kwenye visima vifupi. Risasi iliyotoka kwenye betri haifi kwa moto. Naitreti nayo, ambayo ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, vitu hivyo hubaki na kukolea zaidi.

Sisemi kwamba kisima cha bibi yule kimeharibiwa na dampo. Pengine ni choo cha jirani, pengine ni udongo wenyewe. Mimi si mkemia, na yule ofisa naye hakupima. Kazi hiyo ina wenyewe, nao wako maabara.

Haya si mageni kwetu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi, harufu na inzi wa dampo. Walishinda. Badala ya kutekeleza amri, Jiji lilirudi mahakamani kuomba kuongezewa muda, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akikumbusha haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikapelekwa Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kwa hiyo hata kushinda kesi hakukumaliza jambo: dampo huhama, na swali huhamia kwa majirani wapya.

Najua halmashauri zetu zina mzigo. Kujenga dampo la kisasa kunahitaji fedha nyingi na miaka mingi. Lakini kujibu swali la chupa moja hakuhitaji miaka. Maji yachukuliwe mbele ya wakazi, kwenye visima vilivyo juu ya dampo na vilivyo chini yake, wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na wakati yanasubiriwa, wenye visima vinavyotiliwa shaka wapelekewe maji kwa boza.

Wananchi nao wasichoke. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la mwananchi ndani ya siku 30. Basi andikeni barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala mbaki nayo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Halmashauri isiyopima maji haijaficha kitu bado, lakini imechagua kutojua, na anayelipia kutojua huko ni mtoto anayekunywa.

Mkutano ulipokwisha, bibi aliichukua chupa yake, akarudi nayo nyumbani. Ombi langu kwa halmashauri ni dogo: safari ijayo, ofisa aondoke nayo yeye.