Tuzitunze Picha za Usharika

Baba Askofu, wageni wetu wa Dayosisi, na washarika wapendwa,

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame, hapa kwetu Kilimanjaro, mwaka 1893. Picha walizopiga zingalipo kwa kuwa zilitunzwa na kuandikwa maelezo. Picha zetu za leo zimo katika simu; simu ikiharibika, kumbukumbu za ubatizo na kipaimara hupotea nayo.

Hivyo naliomba Baraza la Wazee: kila picha iwe na nakala tatu, mbili katika diski tofauti hapa usharikani, ya tatu mbali na hapa, moto usije ukaziteketeza zote. Zihamishiwe katika diski mpya kila baada ya miaka michache, maana diski nazo huchakaa. Tena majina yaandikwe sasa, wangali hai wazee wanaozitambua sura hizo.

Bwana awabariki.