MAZUNGUMZO: DHAMANA YA MZAZI KATIKA MICHEZO YA KOMPYUTA



Mwalimu wa chuo anapomwita mzazi kumwarifu kuwa mtoto haonekani darasani, mzazi hustaajabu, kwani mtoto huondoka nyumbani kila siku na juzuu yake mkononi. Aghalabu hukutwa katika kibanda cha gemu, mbele ya televisheni, akiua watu kwa vidole.

Wapo wanaosema kuwa huo ni mchezo tu. Kwa upande mmoja hawakukosea. Mwaka 2020 Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani ilieleza kwamba ushahidi hautoshi kuifanya michezo hiyo kuwa sababu ya uhalifu. Hata hivyo, ilithibitisha kuwepo uhusiano, japo mdogo, baina ya michezo hiyo na ukali kama vile kufoka na kusukumana.

Kushindwa kuacha ni jambo jengine, na ni zito zaidi. Shirika la Afya Duniani limeliingiza katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 1, 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya kila shughuli, na kuendelea nao hata anapodhurika, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12.

Katika nchi nyingi za Ulaya, tangu mwaka 2003, kasha la mchezo hutiwa nambari ya umri: 3, 7, 12, 16 au 18. Grand Theft Auto V, ambao watoto wengi wanaujua kwa jina, umepewa 18. Nambari ile humsemesha mzazi, si mtoto. Visiwani, mchezo mara nyingi hufika ukiwa umenakiliwa, bila ya kasha wala nambari. Kwa hivyo kazi hiyo humwangukia mzazi mwenyewe.

Sheria ya Mtoto Nam. 6 ya 2011 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Mzazi anatakiwa aketi na mwanawe autazame mchezo kabla ya kuuruhusu, na simu isilale chumbani kwa mtoto. Wala si haki baba kumkabidhi mtoto simu ili yeye asikilize mpira kwa utulivu, kisha akamlaumu mwalimu.

Wenye vibanda wanaombwa wasiwapokee watoto saa za skuli na chuo. Mzazi anayemkuta mwanawe humo saa hizo amwarifu sheha wake.