Hesabuni Wajumbe wa Baraza

Somo letu ni la kusoma na kuhesabu pia. Shikeni kalamu.

Fikirini habari hii. Mama mmoja amefiwa na mumewe. Shemeji yake anasogeza mpaka na kulima sehemu ya shamba lake. Mama anakwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Anakuta wanaume watupu. Je, ataweza kusema yote yaliyomo moyoni?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Tena inasema Baraza hilo, ambalo kazi yake ni kusuluhisha ugomvi wa ardhi, liwe na watu 7, na 3 kati yao wawe wanawake.

Wapo wasemao, "Mwanamke hajui mambo ya mipaka." Lakini ni nani apaliliaye mahindi na maharage kila mwaka? Yeye analijua kila jiwe la mpakani.

Huko Norwei walitaka wanawake waingie katika bodi, yaani mabaraza yanayosimamia kampuni. Mwaka 2003 Bunge lao lilipitisha sheria: katika bodi za kampuni kubwa za hisa, wanawake wawe karibu 40 katika kila wajumbe 100. Baadaye kampuni isiyotii iliweza kufungwa. Ndipo zikatii. Sheria huhitaji mtu wa kuisimamia.

Kijijini msimamizi ni nani? Halmashauri ya Kijiji hupendekeza majina ya wajumbe wa Baraza. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoyakubali. Na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Basi msimamizi ni wewe, mama. Ni wewe, baba.

Majina yakisomwa, yaandike katika daftari lako. Hesabu. Wanawake wakiwa 2 tu, nyosha mkono useme kwa heshima: "Ndugu Mwenyekiti, bado mmoja."

Sasa jibuni darasani:
1. Baraza la Ardhi la kijiji chenu lina wanawake wangapi?
2. Je, wao husema barazani, au hukaa kimya? Kwa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.