Roboti Inayopapasa Kabla ya Kuchomelea

Mazungumzo kwa mafundi wa jua kali na vijana wa vyuo vya ufundi



Fundi akiletewa vyuma viwili aviunge, kwanza hutazama. Akiona pengo, hupunguza mwendo na kulijaza. Roboti ya kawaida haina macho hayo. Hufuata njia iliyopangiwa, chuma kiwepo kisiwepo.

Katika viwanda vya magari hilo si tatizo kubwa. General Motors ilipotumia roboti kuchomelea bodi za magari huko Lordstown, Marekani, mwaka 1969, kila bodi ilishikiliwa mahali pale pale. Vifaa vya kushikilia ni ghali, lakini gharama hugawanywa kwa maelfu ya magari. Anayetengeneza tela tano hana nafasi hiyo. Tena vyuma vyake havilingani: kimoja kimezidi milimita mbili, kingine kimepindwa na joto. Waya wa kuchomelea mara nyingi una unene wa milimita moja hivi. Roboti ikikosea kwa nusu ya unene huo, weldi yaweza kushika upande mmoja tu. Kwa nje itaonekana nzima, kumbe itaachia tela likiwa na mzigo barabarani.

Dawa yake ni vihisi, au sensa. Viko vya aina tatu kuu.

Cha kwanza ni kugusa. Roboti husogeza waya wake hadi uguse chuma, umeme mdogo upite, nayo ijue chuma kiko wapi. Mara nyingi waya wenyewe ndio kihisi. Hata hivyo, rangi na kutu huzuia umeme huo, na kila mguso hula muda.

Cha pili hupima mkondo wa umeme wakati wa kuchomelea. Tochi ikiyumba kulia na kushoto, mkondo huongezeka inapokaribia chuma. Pande mbili zikitofautiana, roboti hujirudisha katikati. Njia hii haifai kwa mabati membamba.

Cha tatu ni leza na kamera. Mstari wa mwanga hupinda penye kiungo, na kamera husoma mahali na upana wa pengo. Ni bora kwa mabati, ila hugharimu zaidi, na chuma king'aacho huisumbua.

Je, fundi atakosa kazi? Kihisi huonyesha kiungo kilipo. Hakisafishi kutu, hakichagui mkondo, wala hakikati sampuli kuona kama weldi imeingia ndani. Hayo yanataka mtu anayekijua chuma.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kijana aliye huko aanze na kukata kwa kipimo na kukagua weldi, kisha ajifunze kupanga roboti. Naye mwenye karakana, kabla ya kununua chochote, ahesabu ni kazi zipi hurudi kila mwezi. Zisiporudi, mkono wa fundi bado ni nafuu.