Kabla ya kusema «wametukatia», muangalie kwanza mlango wetu wenyewe

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa vuguvugu, Uvira. Tumeyaacha karibu jinsi yalivyotoka kinywani, tumepunguza tu marudio.

Najua wengi walifikiri leo tutazungumza juu ya barabara ao juu ya maji. Hapana. Leo tunazungumza juu ya kale kasanduku keusi kenye antena mbili, pale juu ya kabati. Ruta.

Juu ya nini? Juu hivi karibuni komunike moja ilibakia dakika chache tu itoke, na ingekuwa ya uongo. Ilisema serikali imekata intaneti Uvira. Saa ile intaneti ilikuwa iko. Kilichokufa ni kazi moja ndogo ndani ya ruta yetu, ile kazi wafundi wanaiita NAT.

Musicheke. Katika inchi hii kukatiwa si hadisi. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, walikata. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja tu kiisha uchaguzi, walikata intaneti inchi nzima, ikarudi karibu siku 20 nyuma yake. Wenye walikuwa na simu wakati ule wanakumbuka, hata SMS hazikupita. Donc mutu akisema «wametukatia», watu wanaamini mara moja, wako na haki ya kuamini. Ndiyo maana hilo neno tusilichezee. Tukilisema bure mara mbili, mara ya tatu, siku yenyewe, nani atatusikiliza? Tena kuna sheria ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, iko na kifungu cha kuadhibu mutu anayeeneza habari ya uongo ku mtandao. Munajua vizuri kifungu kama hicho kinaweza kutafuta nani wa kwanza.

Bon. NAT ni nini?

Muende ku bandari ya Kalundu siku mashua imefika toka Baraka ao Kalemie. Tuseme avenyu nzima imekubaliana kutumia komisionere mmoja. Mama fulani anatuma barua, kijana fulani anaagiza viatu, lakini ku karatasi zote inaandikwa jina la komisionere peke yake. Ng'ambo ya ziwa hawajui kama kuna nyumba 40 nyuma yake. Mzigo ukirudi, yeye anafungua daftari: namba hii ni ya mama, namba hii ni ya kijana. Bila daftari, mizigo inabaki palepale ku kivuko.

Ruta inafanya vile. Simu zenu humu ndani ziko na adresi za ndani, zinaanza na 192.168. Adresi za namna hiyo, pamoja na zile za 10 na zile za 172.16 mpaka 172.31, zilitengwa tangu 1996 kwa matumizi ya ndani tu. Ku intaneti ya inje hazitembei. Salle moja ya Bukavu inaweza kuwa na 192.168.88.25, na sisi pia, hakuna ugomvi. Lakini kitu kikitaka kutoka inje, ruta inafuta adresi ya ndani, inaweka yake, inachagua namba ya poti, inaandika mstari ku daftari. Jibu likirudi, inasoma daftari, inapeleka kwa mwenyewe. Tunafanya hivyo juu adresi za namna ya zamani ni kama miliara 4 na kidogo kwa dunia nzima, na zimekuwa chache.

Sasa ile siku. Salle yetu iko na njia mbili za kutokea: modemu yenye laini ya simu, na sahani ya satelaiti kama akiba. Modemu ikakosa mtandao. Ruta ikahama yenyewe kwenda ku satelaiti, kama ilivyoagizwa. Simu zote zikaonyesha waifai imejaa, lakini hata ujumbe moja haupiti. Watu 40, kila mutu anaangalia mwenzake. Palepale mmoja akaanza kuandika: «Tangu saa 18 na dakika 10, utawala umekata…»

Mwenzetu mmoja akafanya kitu kimoja tu. Aliingia ndani ya ruta, na toka mule mule ndani akatuma ping kwa 8.8.8.8. Ikajibu. Kiisha akafanya vile vile toka ku simu yake. Kimya.

Mushike hapo vizuri. Kama ruta inafika inje, lakini simu iliyo nyuma ya ruta haifiki, basi hakuna mutu wa Kinshasa amekata kitu. Shida iko katikati ya simu na mlango, na mara nyingi ni NAT. Tulikuta kanuni ya NAT inasema: «kinachotokea kwa njia ya modemu, badilisha adresi yake». Juu ya njia ya satelaiti, hakuna neno. Aliyeiandika zamani alikuwa na modemu peke yake, aliandika sawasawa kwa wakati ule. Sahani ilikuja nyuma. Kwa hiyo vitu vyetu vilikuwa vinatoka na adresi za ndani, bila kubadilishwa. Kifaa cha satelaiti kinapokea kitu toka 192.168.88.25, hakijui huyo anakaa wapi, jibu halina njia ya kurudi. Ruta yenyewe ilijibiwa juu inatumia adresi yake ya inje, haihitaji kubadilisha kitu. Dawa: kanuni moja ya kusema «kinachotokea kwa njia yoyote ya inje». Mstari moja. Dakika mbili.

Na ile komunike ilikuwa tayari!

Kuna shida ingine, hiyo ni ya hila zaidi, na naona ndiyo inatusumbua kila jumamosi mkutano ukiwa mkubwa. Daftari linajaa. Ruta ya bei ndogo iko na kumbukumbu ndogo. Simu moja yenye programu nyingi inafungua makumi ya mazungumzo kwa mara moja, hata ikiwa mfukoni. Tuseme 60. Mara watu 40, hiyo ni mistari 2 400. Juu ya ile, kuna mistari ya wenye waliisha kwenda. Ruta nyingi zinatembea juu ya Linux, na Linux, kama hakuna mutu ameigusa, inashika mazungumzo ya TCP yaliyofunguliwa hata kama hayasemi kitu, siku 5. Siku 5! Mutu alipita asubuhi, saa hii iko Kavimvira anauza samaki zake, mistari yake ingali inakamata nafasi humu.

Alama yake ni hii: aliyekuwa ameunganika mbele anaendelea vizuri, WhatsApp yake inapokea, lakini mwenye kufika sasa hapati kitu, na ukurasa mpya haufunguki. Hapo ndipo fitina inaanza: «wamemfunga fulani, wamemuacha fulani». Kumbe ni daftari. Hawakuchagua mutu.

Na watu wanafanya nini? Wanazima ruta, wanawasha. Inatembea! Wanapiga makofi. Bila shaka inatembea, juu ukizima ruta daftari linafutika lote. Nyuma ya saa mbili inajaa tena. Mbaya zaidi, kwa kuzima umefuta ushahidi. Kama ilikuwa kosa letu, hatutajua. Kama ilikuwa mukono wa mutu, hatutaweza kuonyesha. Mimi naomba, na naomba kwa nguvu: mutu asizime ruta mbele ya kuangalia hesabu ya daftari, mistari mingapi iko na mwisho wake ni ngapi, na kuandika saa. Dawa ya kweli ni kupunguza ile siku 5 ikuwe saa chache. Musishuke chini ya saa 2 na kidogo, kama sivyo mutakata mazungumzo ya watu yangali mazima. Courant ya SNEL ikikatika, yenyewe inafuta daftari bila kuomba ruhusa, hapo hatuna la kufanya isipokuwa batri.

Ya tatu naipitia haraka. Ile sahani iko na ruta yake yenyewe, nayo inabadilisha adresi. Kwa hiyo tunabadilishwa mara mbili, na mara ya tatu kule kwa kampuni. Kwa kusoma na kutuma ujumbe hakuna shida. Lakini kama ruta mbili zote zimejiita 192.168.1.1, kila moja inafikiri ule mwingine ni yeye, na mlango unachanganyikiwa. Muwape namba tofauti, basi. Na wale wa sauti, munaotaka kufungua poti ili watu wa inje wasikilize kipindi toka ku ordinateri yetu: muangalie adresi ya inje ya ruta. Ikianza na 100.64 mpaka 100.127, ao na 10, hiyo si adresi ya intaneti, ni ya ndani ya kampuni. Mutafungua poti mpaka asubuhi, hakuna mutu atafika. Njia ni kukodi seva ndogo inje, na ordinateri yetu itoke yenyewe kwenda kule.

Sasa tutajuaje siku ya kukatiwa kweli? Mtihani wa kwanza hauombi ufundi: zima waifai, washa mega zako mwenyewe. Laini yako haipiti ku mlango wetu. Ikitembea, shida ni yetu. Ikigoma, uliza mwenye laini ya kampuni ingine, kiisha uliza aliye Sange na aliye Baraka, kwa kuita, si kwa WhatsApp. Mwenye laini ya Burundi anayekamata mtandao wa ng'ambo, naye aangalie. Kama kampuni zote za kwetu zimekufa kwa saa moja na ya ng'ambo inatembea, hapo tuko na neno la kusema.

Kuna kukata kwa namna ingine, si kwa kuzima yote. Mwanzo wa 2025, vita vilipopanda huku mashariki, X na TikTok zilizibwa, vingine vinatembea. NAT haijui TikTok ni nini. Inaona adresi na poti, haichagui kwa jina. Kwa hiyo kama programu moja inagoma kwa kampuni zote, waifai ikiwa imezimwa, vingine vinapita, na ile programu inafunguka ukiweka VPN, hiyo si daftari kujaa. Hiyo ni kuziba. Muandike saa, kampuni, mahali, kilichogoma na kilichojibu. Komunike yenye vitu vitano vile, ARPTC itakosa namna ya kuijibu kwa maneno matupu.

Neno ingine, na hapa sicheki. Kuna wenye wanafikiri, juu inje tunaonekana kama adresi moja, basi tumefichika. Inje ni kweli wanaona mmoja. Lakini ruta yetu inajua ni simu gani, na kampuni nayo iko na daftari yake: saa fulani, poti fulani, mteja fulani. Wakija kuuliza, wataanza kwa mwenye kulipa laini, maana yake yule aliyetia sahihi kwa ajili yetu sote. Kitu umetuma kwa hasira saa 22 kinamwangukia yeye. Kwa hiyo mimi siko upande wa kuandika majina ya wenye wanaunganika. Kuhesabu mistari inatosha kwa ufundi. Majina, hapana. Na lile neno la siri la ruta, ambalo lingali «admin», linabadilishwa leo, mbele hatujatoka humu.

Kuna aliyeuliza: juu ya nini tusitafute mutu wa kulipa afanye hii yote? Tunaweza. Lakini fundi hatakuwa humu saa 18 na dakika 10, wakati watu 40 wanaangalia simu na mmoja anaandika komunike. Ninyi mutakuwa humu.

Karatasi nimeibandika ku kabati, chini ya ruta. Kwanza: ping toka ku simu kwenda 192.168.88.1, ndiyo mlango. Kiisha toka ku ruta kwenda 8.8.8.8. Kiisha toka ku simu kwenda 8.8.8.8. Kama hiyo inajibu lakini majina ya kurasa hayafunguki, ni shida ya majina, ni habari ingine, muniite. Mwisho: hesabu ya daftari. Nyuma ya pale ndipo mkono unaweza kugusa kifungo. Kalamu imefungwa na kamba, tafazali asiende nayo.