Mwenzetu Asiachwe Peke Yake
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Mowlem, Nairobi)

Mikutanoni tumezoea kuzungumza juu ya michango, mikopo na kodi ya nyumba. Leo tuzungumze juu ya jambo tunalolinong'ona tu: mwenzetu anapojiumiza kwa makusudi, au anapotamani kufa.

Wengi walinyamaza kwa kuogopa polisi. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilisema kwamba anayejaribu kujiua aweza kufungwa hadi miaka 2. Lakini Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Basi tumpeleke mtu hospitalini bila kuogopa.

Je, tutamtambuaje? Pengine haji tena kikundini. Halali. Anagawa vitu vyake. Anasema, "Mimi ni mzigo tu kwenu." Tusiseme anajitafutia sifa. Wengine hujiumiza ili kupunguza uchungu wa moyoni, bila kutaka kufa. Hao pia wanahitaji msaada.

Mwite kando, umwulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, mara nyingi humpa nafuu. Kisha nyamaza, usikilize. Usimgombeze, wala usianze kumhubiria.

Akisema ndiyo, fanyeni hivi:

1. Kaeni naye. Asiachwe peke yake.
2. Watu wa nyumbani waondoe dawa na vitu vingine vya hatari.
3. Pigeni 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, au mpelekeni Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au ile ya Mathari. Hatari ikiwa karibu, msingoje kesho.
4. Msiahidi kuficha siri hii. Lakini pia msiitangaze ploti nzima.

Na kama ni wewe unayesikia uchungu huo, jua kwamba mawazo hayo hupanda na kushuka kama wimbi. Usikate shauri usiku huo. Toka chumbani, ukaketi na mtu. Andika leo majina ya watu wawili utakaowaamsha hata saa nane ya usiku.

Mtasema, "Sisi si madaktari." Ni kweli. Lakini huko Harare, Zimbabwe, tangu 2006 akina nyanya waliofundishwa wameketi kwenye benchi karibu na zahanati, wakisikiliza watu na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Uchunguzi uliotangazwa 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko wenzao. Hata hapa tuna shosho wanaojua kusikiliza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mkutano ujao, kila kikundi kichague watu wawili wa kumtembelea mwanachama yeyote atakayekosa mara mbili. Wasiende kudai mchango. Waende kumjulia hali.