Afriti wa Mchezo na Jini wa Mganga



Mchezo wa Kimarekani Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, umemgeuza Afriti kuwa zimwi la kupigwa kwa kurusha dadu. Mwaka 1985 ukaingiza na kappa, pepo wa mitoni wa Wajapani. Kappa ni ngano tu. Afriti ni jini aliyetajwa katika Suratun-Naml, aya ya 39, na mwenye elimu ya Kitabu akampita.

Mzazi akimkataza mwanawe dadu, amefanya vyema. Ila mzazi huyo huyo akiuguliwa humchinjia jini kuku kwa mganga! Suratul-Jinn, aya ya 6, yawataja wanaume waliojikinga kwa majini, wakazidi kupotea. Mtoto alikuwa akicheza. Baba amechinja kweli. Mgonjwa na asomewe Qur'ani, kisha apelekwe hospitali.